Kabla ya Kulinyanyua Gari, Lipeleke Kwenye Mizani

Mwenye Prado au Land Cruiser akifika gereji kutaka gari lake linyanyuliwe, swali la kwanza analoulizwa huwa ni inchi ngapi. Naye hujibu mbili, pengine tatu, na kuanzia hapo mazungumzo huwa ya bei. Swali hilo ndilo linaloharibu magari ya watu. Springi haichaguliwi kwa urefu. Huchaguliwa kwa uzito itakaoubeba siku zote na kwa barabara itakayopita, na urefu huja baadaye kama matokeo. Nitaeleza hapa kwa nini naamini hivyo, na namna unavyoweza kumfikia fundi ukiwa na namba zenye maana zaidi ya inchi. Mifano mingi nimeichukua kwenye Toyota kwa sababu ndizo zilizojaa barabara zetu za vumbi, kuanzia Karatu hadi Marsabit, lakini hoja yenyewe inamhusu vilevile mwenye Jimny, Patrol, Pajero au Defender.

Tuanze na kile ambacho watu hudhani wanakinunua. Wengi hunyanyua gari ili lisikwaruze chini. Basi tazama chini ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70, au Jimny, utaona ekseli ya kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, mbele na nyuma, na kwenye kila ekseli limekaa difu. Springi ziko juu ya ekseli. Ukiweka springi ndefu zaidi unainua bodi na chesisi, lakini difu hubaki palepale, maana hukaa kwenye ekseli, na ekseli hukaa kwenye magurudumu. Kwa Prado hali ni hiyohiyo upande wa nyuma. Kinachoinua difu ni tairi peke yake. Prado nyingi zilitoka kiwandani na tairi la 265/65R17, ambalo kipenyo chake ni karibu milimita 776. Ukihamia 265/70R17 kipenyo huwa karibu milimita 803, na kwa kuwa ni nusu tu ya kipenyo iliyo chini ya ekseli, difu limepanda milimita 13. Ni kidogo, lakini ni kweli. Springi za inchi mbili zingekugharimu mara kadhaa zaidi na difu lisingesogea hata nywele moja. Kumbuka tu kwamba kwa tairi hilo spidomita itasoma pungufu kwa asilimia 3 na ushee: ikionyesha 80, wewe unakwenda karibu 83.

Simaanishi kwamba kunyanyua hakuna faida yoyote. Bodi ikipanda, pembe za gari huongezeka: mbele unaingia kwenye korongo bila bampa kuchimba udongo, katikati unavuka tuta bila tumbo kukalia, nyuma unatoka bila kuburuza ndoano ya kuvutia. Hata hivyo, pembe hizo hutokana zaidi na umbo la gari kuliko kimo chake. Jimny iliyoanza kuuzwa 2018 ina nafasi ya milimita 210 chini yake, ambayo haiizidi ya Prado, lakini pembe yake ya mbele ni nyuzi 37 na ya nyuma ni 49, wakati Prado ya mfululizo wa 150 nyuma ina nyuzi 25 hivi. Tofauti hiyo kubwa imeletwa na bodi fupi na magurudumu yaliyosogezwa pembezoni. Mwenye Prado anayekwaruza nyuma kila akitoka kwenye korongo huenda akapata nafuu zaidi kwa kuondoa ndoano iliyoning'inia, au kuhamisha tairi la akiba kutoka uvunguni, kuliko kwa springi mpya.

Sasa tuje kwenye uzito, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Kila springi ina ugumu wake: kiasi cha uzito kinachohitajika ili ishuke kiasi fulani. Chukua springi mbili za nyuma ambazo kwa pamoja hushuka milimita 20 kwa kila kilo 100 utakazoongeza. Ni ugumu wa kawaida kwa gari la ukubwa wa Prado. Umenunua springi za aina hiyo zilizorefushwa inchi mbili, yaani milimita 50. Gari likiwa tupu linapendeza mtaani. Siku ya safari unapakia kilo 250 nyuma, na milimita zote 50 zimekwisha. Umefika porini, mahali ulipokuwa unauhitaji urefu, na gari limekaa palepale lilipokuwa kabla hujatoa pesa. Sasa geuza mfano: umeuziwa springi zilizotengenezwa kwa gari linalobeba kilo 400 za ziada daima, nawe siku nyingi unaendesha peke yako kwenda kazini. Springi hizo hazibonyei. Gari linarusha makalio kwenye kila shimo, gurudumu linaachana na ardhi linapopita kwenye changarawe, na breki haishiki kwenye gurudumu lililo hewani. Wauzaji wengi wa springi hizi, wakiwamo ARB wa Australia wenye chapa ya Old Man Emu, hutengeneza namba tofauti za springi kwa gari lilelile kulingana na kilo za ziada linazobeba daima. Hawakufanya hivyo kwa mapambo. Springi mbili zinaweza kuonekana pacha kabisa mezani kwa muuzaji, na moja ikakufaa huku nyingine ikikuumiza mgongo.

Kwa hiyo kaa chini na karatasi uorodheshe kilo zako. Bampa la chuma la mbele lina uzito wa kilo 60 hivi, winchi yenye waya wa chuma 35, betri ya pili 25. Keria ni 30, hema la juu 60, friji iliyojaa 35, maji lita 60 ni kilo 60 kamili, dizeli ya akiba lita 40 ni kilo 34, tairi la pili la akiba 35, zana na jiko 40. Hapo tayari umepita kilo 400 na hajapanda mtu. Ongeza watu wazima wanne wa kilo 75 kila mmoja, unazidi kilo 700. Prado ya mfululizo wa 150 ya dizeli ikiwa tupu ina takriban tani 2.3, na kikomo alichokiweka mtengenezaji hakizidi tani 3. Nafasi yote imekwisha. Hili watu wengi hawalijui, na ndilo ninalolisisitiza kuliko yote: springi ngumu zaidi hazipandishi kikomo hicho. Gari litasimama wima na kuonekana linabeba vizuri, lakini ekseli, beringi, breki na chesisi ni vilevile vya kiwandani. Springi nzito hukuondolea ile dalili ya gari kukaa chini iliyokuwa ikikuonya kwamba umezidisha.

Karatasi hukadiria, mizani ndiyo huthibitisha. Ghala la nafaka, kiwanda cha saruji, hata wanunuzi wa vyuma chakavu huwa na mizani ya magari, na kupima gari dogo hakuchukui muda. Lipeleke likiwa limepakiwa kama siku ya safari, matangi yamejaa, watu wamekaa. Pima kwanza magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima; ukitoa ya kwanza kwenye ya pili unapata ya nyuma. Rudia siku nyingine likiwa kama linavyokwenda kazini. Ukiwa na namba hizo nne unaweza kumwambia muuzaji springi unayoitaka badala ya yeye kukuambia aliyo nayo stoo. Iwapo tofauti ya nyuma kati ya siku ya kazi na siku ya safari ni kubwa mno, tuseme kilo 300 na zaidi, hakuna springi moja itakayofaa siku zote mbili, na hapo ni busara kuchukua springi ya wastani na kuisaidia kwa mifuko ya hewa inayowekwa ndani ya springi za koili na kujazwa siku ya mzigo. Kwa Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa, fundi anaweza kuongeza au kupunguza chuma kimoja, lakini afanye hivyo kwa namba za mizani, asikisie kwa macho.

Kuna jambo jingine linalosahaulika kwa magari yetu yaliyotoka Japani yakiwa yametumika. Springi ya miaka 15 huwa imelala. Kabla ya kununua chochote, egesha gari mahali tambarare na upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, pembe zote nne, uandike. Ukilinganisha na vipimo vya kiwandani unaweza kukuta gari limeshuka sentimita 2 au 3, pengine upande mmoja zaidi ya mwingine. Gari la namna hii halihitaji kunyanyuliwa. Linahitaji kurudishiwa kimo chake, na springi mpya za ugumu wa kiwandani zitalitosha kwa bei nafuu.

Shokapu nazo hazistahili kuwa nyongeza ya mwisho pesa zikibaki. Springi hubeba, shokapu ndiyo inayoizuia springi isiendelee kudunda. Fikiria barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera, yenye mawimbi ya vijituta yaliyobanana. Vijituta vikipishana sentimita 70 na wewe uko kilomita 60 kwa saa, kila gurudumu linapanda na kushuka mara 24 kwa sekunde. Mwendo wote huo shokapu huugeuza kuwa joto ndani ya mafuta yake. Mafuta yakichemka na kutoa povu, shokapu hulegea kabisa, gari huanza kuelea, na mkia ukikatiza kwenye kona hakuna wa kuurudisha. Ndiyo maana kwa safari ndefu za vumbi ni heri kuwekeza kwenye shokapu yenye kipenyo kikubwa na mafuta mengi, iwe ya mirija miwili au ya mrija mmoja wenye gesi ya naitrojeni, kuliko kuongeza inchi. Shokapu lazima ilingane na springi yake. Springi ngumu ikiwekwa juu ya shokapu kuukuu iliyotengenezwa kwa springi laini, shokapu itashindwa kuizuia na itakufa mapema. Na shokapu fupi kwenye gari lililonyanyuliwa hufika mwisho wake kila gurudumu linaposhuka kwenye shimo, ikigonga mpaka ing'oke kwenye bolti. (Na punguza upepo wa matairi unapoacha lami. Huo ni msaada mkubwa kwa shokapu, na hauna gharama.)

Hapa ndipo wengi hunijibu kwa habari ya spesa. Kwa nini ununue seti nzima ilhali kipande cha alumini au plastiki ngumu juu ya springi ya zamani kinanyanyua gari kwa sehemu ndogo ya bei? Ni kweli kinanyanyua. Lakini springi iliyolala imebaki imelala, ugumu ni uleule, shokapu ni ileile, na kwenye Prado spesa inayokaa juu ya shokapu ya mbele husukuma mfumo mzima chini, kiasi kwamba gurudumu likining'inia, viungo hufika kwenye pembe ambazo mtengenezaji hakuzikusudia. Ninakubali spesa katika hali moja tu: kipande chembamba cha milimita chache cha kusawazisha upande unaokaa chini kuliko mwenzake. Zaidi ya hapo umelipia sura.

Sura hiyo ina gharama zake, nazo hutofautiana kwa aina ya gari. Kwenye Land Cruiser za 80, na za 70 zenye koili mbele tangu 1999, ekseli ya mbele hushikwa na vyuma viwili virefu. Bodi ikipanda, ekseli huzunguka kidogo, na ule mlalo wa nyuma wa mhimili wa usukani unaofanya gari lirudi lenyewe kwenye mstari hupungua. Dereva huona gari linatangatanga barabarani kwa kasi. Dawa yake ni bushi maalumu za kurekebisha pembe hiyo. Kuna pia ule mtaimbo wa kushika ekseli isiende kushoto wala kulia, ambao gari likipanda huivuta ekseli nzima upande mmoja, na wenye urefu wa kurekebishika hutatua hilo. Kwenye Prado, ambako kila gurudumu la mbele lina springi yake, tatizo ni shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Hukunjwa kwa pembe kali zaidi, mipira yake hupasuka, vumbi likaingia kwenye viungo. Kuanzia inchi mbili huenda alaimenti isipatikane tena kwa kontroli amu za juu za kiwandani, na ukipita hapo unaanza kubadilisha vyuma vilivyokuwa vizima. Land Cruiser 100 nyingi zina vyuma vya kujisokota mbele badala ya koili, na fundi anaweza kuzipandisha kwa kukaza bolti tu bila kununua kitu. Epuka kuzidisha, la sivyo gurudumu litakosa nafasi ya kushuka na gari litapigapiga kama toroli. Wenye Prado za 150 zilizo na mfumo wa KDSS, ule wa kupunguza kulala kwa gari kwenye kona, wahakikishe seti imeandikwa kuwa ni ya mfumo huo, la sivyo gari litaegemea upande. Tena Land Cruiser na Prado nyingi za zamani zina vali ya breki za nyuma inayosoma umbali kati ya bodi na ekseli. Ukinyanyua gari bila kuirekebisha vali hiyo, inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umejaza mzigo. Muulize fundi wako kuhusu vali hiyo. Asipoijua, tafuta mwingine.

Halafu kuna kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hukadiria hatari ya gari kupinduka kwa hesabu nyepesi: nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, igawanywe kwa kimo cha kitovu cha uzito. Namba ikiwa ndogo, hatari ni kubwa. Tuseme gari lina upana wa milimita 1,585 na kitovu chake kiko milimita 750 kutoka ardhini: unapata 1.06. Linyanyue kiasi cha kupandisha kitovu milimita 45, na namba inashuka hadi 1.00. Bado hujaweka hema na matairi mawili kwenye keria. Safari nyingi za porini huanza na kuishia kwenye lami. Kutoka Arusha lami inakufikisha hadi lango la Ngorongoro, na ni kwenye lami, kwa kasi ya 100, mbuzi akikatiza ghafla, ambapo sentimita hizo hukudai.

Atakayenipinga kwa nguvu zaidi ataonyesha magari ya watalii ya Arusha. Yamenyanyuka, yana springi nzito, na yanaishi porini mwaka mzima. Ni hoja nzuri, na ukiichunguza inasimama upande wangu. Magari hayo yamekatwa na kurefushwa chesisi, yamewekewa paa linalofunguka, viti vya ziada, friji na abiria saba. Uzito huo haushuki hata siku moja. Mafundi wake walianza na mzigo, wakaweka springi za kuubeba, na kimo kikafuata. Anayeinakili sura ya gari hilo kwenye Prado ya familia anachukua jibu la hesabu ya mtu mwingine. Wengine hutaja tope la masika kwenye udongo mweusi wa mbuga. Nako urefu ni msaada mdogo. Udongo ule hujaza meno ya tairi mpaka linakuwa laini pande zote, na gari huanza kuteleza kabla tumbo halijagusa chochote. Kinachokutoa ni tairi la meno mapana, upepo uliopunguzwa, kufuli la difu kama lipo, koleo, na mara nyingi uamuzi wa kusubiri jua.

Ukishaamua kununua, taja kwa muuzaji aina ya injini, mwaka, kilo za mbele na za nyuma, na udai namba ya springi ionekane kwenye chuma chenyewe, kwa sababu za bandia zipo sokoni. Siku ya kufunga, simamia jambo moja: bolti za bushi zikazwe mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, kamwe si likiwa limening'inia kwenye jeki. Bushi iliyokazwa hewani hukaa imesokotwa, na hupasuka ndani ya miezi michache. Baada ya hapo fanya alaimenti, shusha taa za mbele zisiwapofushe wenzako, angalia kama mabomba ya breki yana nafasi usukani ukikatwa mpaka mwisho, na umjulishe wakala wa bima kwa maandishi. Ukimaliza kilomita 1,000 rudi ukakaze bolti zote na upime tena pembe nne.

Kwa Prado au Land Cruiser linalobeba vifaa vya kambi muda mwingi wa mwaka, chagua springi za kilo zako halisi, shokapu zake zilizolinganishwa, kimo cha ziada kisichozidi milimita 50, na tairi hatua moja juu ya la kiwandani. Kwa gari linalobeba watu watano na mabegi yao, hata kama Desemba linakwenda kijijini kwa barabara mbovu, usilinyanyue. Nunua springi mpya za kiwandani, shokapu nzuri na matairi mazuri.